Ukimpata Kenge Mchanga: Chakula Chake, Matunzo Yake na Sheria Inavyosema

Mvua zinapoloweka ardhi kandokando ya Mto Sabaki na katika mabonde ya Magarini, kenge wadogo huanza kuonekana mashambani, kwenye mitaro ya barabara, karibu na visima na nyuma ya vibanda vya kuku. Wengi hawazidi urefu wa rula ya shule. Ni weusi wenye madoa na mistari ya manjano inayong'aa, na mtoto mwenye mbio anaweza kuwashika. Baadhi yao huishia ndani ya ndoo au katoni ya sabuni, wakilishwa ugali, maziwa na vipande vya nyama na watu wenye nia njema kabisa.

Tatizo ni kwamba kenge mchanga anayewekwa nyumbani mara nyingi hafi kwa njaa. Hufa kwa kulishwa kisicho chakula chake, mahali pasipo na joto wala jua. Kifo hicho huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi, na aliyemweka hudhani mambo ni sawa kwa kuwa mnyama bado anakula. Mkazi huyo pia huwa amevunja sheria ya nchi bila kujua, na huenda amewaweka watoto wake katika hatari ya ugonjwa.

Makala haya yanaeleza mkazi afanye nini anapompata kenge mchanga, namna ya kumtunza kwa muda mfupi kabla hajakabidhiwa kwa wahusika, na kwa nini malezi yake ya kudumu yanahitaji zaidi ya chakula.

KENGE GANI HUYU?

Katika ukanda wetu wa Pwani kuna kenge wa aina mbili. Wa kwanza ni kenge wa majini, ambaye wataalamu humwita kenge wa Nili. Hukaa karibu na mito, mabwawa, vinamasi na mikoko. Akiwa mchanga huwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mkia wake umebanwa ubavuni kama kasia, nao humsaidia kuogelea. Akikomaa anaweza kufikia urefu wa mita mbili kutoka pua hadi ncha ya mkia.

Wa pili ni kenge wa nchi kavu, ambaye wenyeji wengi humwita burukenge. Huyu hupenda vichaka, mashamba na miti mikavu, kama katika maeneo ya Ganze. Rangi yake ni ya kijivu au kahawia, kichwa chake ni kinene na pua yake imevimba kidogo. Naye hukua hadi kupita mita moja.

Wote wawili wana ulimi mrefu uliogawanyika ncha, na hapo ndipo huzuka imani kwamba kenge ana sumu ya kuua mtu kama nyoka. Ulimi huo ni wa kunusia. Kenge huutoa nje, hukusanya harufu iliyo hewani, kisha huurudisha kinywani ambako kuna kiungo cha kuitambua. Hatari ya kenge kwa binadamu ni meno, kucha na mkia anaoutumia kama mjeledi.

KENGE MCHANGA ALIYE PEKE YAKE SI YATIMA

Watu wengi humwokota kenge mdogo kwa huruma wakidhani mama yake amemwacha au ameuawa. Ukweli ni kwamba kenge hawalei watoto. Jike la kenge wa majini huchimba kichuguu chenye mchwa hai, hutaga mayai humo kisha huondoka. Anaweza kutaga hadi mayai 60 kwa mara moja. Mchwa huziba tundu lile wenyewe, na joto na unyevu wa kichuguu huyalea mayai kwa miezi kadhaa. Mvua zikilainisha udongo, watoto huchimbua njia na kutoka, na tangu siku hiyo kila mmoja hujitafutia.

Kwa hiyo, kenge mdogo aliye peke yake, anayetembea vizuri na kukimbia anapokaribiwa, hahitaji kuokolewa. Jambo jema zaidi la kumfanyia ni kumwacha alipo na kuwazuia watoto, mbwa na paka wasimsumbue. Akiwa barabarani anaweza kusukumwa taratibu kwa kijiti hadi kwenye nyasi za upande aliokuwa akielekea.

Kenge anayehitaji msaada ni yule mwenye jeraha la wazi, aliyegongwa na bodaboda, aliyeng'atwa na mbwa, aliyenaswa kwenye wavu, au aliyekuwa amefungiwa na mtu kwa muda hata akadhoofika.

SHERIA INASEMA NINI?

Kenge ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hakuna anayeruhusiwa kumfuga, kumuuza, kumnunua au kumsafirisha mnyamapori hai bila kibali. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini au kufungwa jela. Vibali hushughulikiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Nchini, KWS, na hutolewa kwa masharti kuhusu mahali, usalama na utunzaji wa mnyama.

Wakazi wengine huuliza kama ofisi ya mifugo ya wadi inaweza kutoa ruhusa hiyo. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, linalogawa majukumu kati ya ngazi mbili za serikali. Ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti zimepewa huduma za matibabu ya mifugo na jukumu la udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa. Kwa hivyo afisa wa mifugo anaweza kushauri kuhusu mnyama aliyejeruhiwa, lakini hana mamlaka ya kumruhusu mtu kukaa na kenge nyumbani.

Kuna pia suala la video za intaneti zinazoonyesha watu wakifuga kenge kama paka. Nyingi hutengenezwa Marekani na Ulaya, ambako kenge wa savana kutoka Ghana, Togo na Benin huuzwa katika maduka ya wanyama. Huko sheria ni tofauti. Hata hivyo, biashara ya kimataifa ya kenge inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Kenya ni mwanachama wake. Kilicho halali kwenye video ya mtu wa Florida si lazima kiwe halali Malindi.

Anayetoa taarifa siku ileile aliyompata mnyama huwa na maelezo yaliyo wazi. Anayekutwa naye kwenye katoni baada ya miezi mitatu huwa na kazi ngumu ya kujieleza.

SAA ZA KWANZA: KUMHIFADHI HADI ACHUKULIWE

Ikiwa kenge amejeruhiwa au amekabidhiwa mkazi na mtu mwingine, hatua ya kwanza ni kutoa taarifa katika ofisi ya KWS iliyo karibu, kituo cha polisi au kwa chifu. Huenda maafisa wakachukua saa kadhaa kufika, hasa kama ni mbali au usiku umeingia. Katika muda huo mambo yafuatayo huzingatiwa.

Kumshika. Hutumiwa taulo au kipande cha blanketi. Kenge hufunikwa mwili mzima pamoja na kichwa, kisha huinuliwa kwa mikono miwili, mmoja ukiwa chini ya kifua na mwingine chini ya nyonga. Hashikwi mkia. Mkia wa mjusi wa ukutani ukikatika huota tena, lakini wa kenge ukikatika hauoti kamwe.

Mahali pa kumweka. Beseni kubwa, ndoo pana au sanduku la mbao linatosha, mradi liwe na kifuniko kizito chenye matundu ya hewa. Ndani hutandikwa gazeti au kitambaa kisichochomoza nyuzi, na huwekwa kitu cha kujifichia kama kigae cha chungu au karatasi iliyokunjwa. Giza na utulivu humpunguzia hofu.

Kutomfunga kamba. Kamba ya shingoni au mguuni hukata damu, na kenge akipiga mateke huvunjika mguu. Mnyama aliyekuwa na jeraha dogo huishia kuwa kilema.

Kivuli. Chombo kilichofunikwa hakiwekwi juani hata kidogo. Beseni la plastiki lililofunikwa na kuachwa kwenye jua la saa sita la Pwani hugeuka tanuri, na kenge mchanga anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kenge hupenda joto, ila lazima awe na njia ya kulikimbia.

Maji. Kisahani chenye maji ya kina cha kidole kimoja kinatosha. Maji mengi yanaweza kumzamisha mnyama aliyedhoofika, hata kama ni aina ya majini.

Chakula. Katika siku ya kwanza hapewi chochote. Kenge mwenye afya hadhuriki kwa kukaa siku moja au mbili bila kula. Tena kenge aliye na baridi hawezi kusaga chakula, kwa sababu mwili wake hupata joto kutoka nje. Chakula kikiingia tumboni bila joto huweza kuoza humo.

CHAKULA CHA KENGE MCHANGA

Ikitokea kwamba kuchukuliwa kwake kumechelewa na maafisa wameshauri alishwe, ni muhimu kujua kile anachokula porini. Kenge ni mla nyama. Akiwa mchanga meno yake huwa membamba na yenye ncha, ya kukamatia wadudu. Kadiri kenge wa majini anavyokua, meno ya nyuma huwa butu na imara, ya kuvunjia konokono na kaa.

Vyakula vinavyomfaa kenge mchanga ni hivi:

• Panzi, nyenje na mbawakawa walionaswa mahali pasiponyunyiziwa dawa.
• Nyungunyungu waliooshwa.
• Konokono wadogo pamoja na gamba lao.
• Kaa wadogo na samaki wadogo wabichi, wakiwa wazima na mifupa yao.
• Mtoto wa panya, mara mojamoja.

Chakula hakipaswi kuwa kipana kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Kenge humeza mzima, na tonge kubwa linaweza kumkaba. Wadudu wachache kwa siku wanatosha. Wakibaki hai kwenye chombo huondolewa, maana nyenje wenye njaa humtafuna mnyama aliyelala.

Vyakula visivyomfaa ni hivi:

• Ugali, wali, mkate, mboga na matunda. Tumbo lake halikuumbwa kwa vyakula hivyo.
• Maziwa. Watambaazi hawanyonyeshi, na maziwa humwendesha tumbo.
• Soseji, nyama ya kukaanga, mabaki yenye chumvi na mifupa iliyopikwa.
• Chakula cha mbwa au paka.
• Panya aliyekufa kwa sumu na konokono waliotoka shamba lenye dawa ya konokono. Sumu iliyomuua panya humuua kenge pia.
• Nyama tupu isiyo na mfupa, ikiwa ndiyo mlo wa kila siku.

Hilo la mwisho huwashangaza wengi. Kenge ni mla nyama, basi kwa nini nyama imdhuru? Kenge porini hali mnofu peke yake. Humla mnyama mzima: mfupa, ini, ngozi, gamba na vilivyomo tumboni. Mifupa na magamba ndiyo yenye kalsiamu. Katika nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kwa kila sehemu moja ya kalsiamu kuna takriban sehemu 20 za fosforasi. Kenge anayekua anahitaji mlo wenye kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, karibu sehemu mbili kwa moja. Akipewa mnofu kila siku, mwili wake hukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe ili moyo na misuli iendelee kufanya kazi. Mkopo huo haulipwi, na mifupa hulainika.

Wadudu nao wana kalsiamu kidogo. Ndiyo maana wataalamu wanaotunza kenge kwa kibali huwapaka wadudu unga wa kalsiamu kabla ya kuwalisha. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa laini kabisa yanafanya kazi hiyo, kwa kuwa karibu yote ni kalsiamu kaboneti.

Mayai mabichi hupendwa sana na kenge, na porini huyaiba viotani. Lakini ute mweupe mbichi una kitu kinachozuia mwili kutumia mojawapo ya vitamini za kundi B. Yai moja la hapa na pale halina neno, lakini mlo wa mayai kila siku una madhara.

BILA JUA, CHAKULA KIZURI HAKITOSHI

Tuseme kenge amepata mlo ulio sahihi kabisa. Bado kalsiamu iliyo tumboni haiwezi kuingia mwilini bila vitamini D, na vitamini hiyo hutengenezwa kwenye ngozi inapopigwa na miale ya urujuanimno ya jua. Kenge aliyewekwa ndani ya nyumba hapati miale hiyo. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale inayohitajika, na plastiki nyingi huzuia vilevile. Joto hupita, mwangaza hupita, lakini kile kinachojenga mfupa hubaki nje.

Pamoja na miale, kuna joto. Kenge porini huanza siku kwa kuota jua juu ya jiwe au gogo hadi mwili wake upate joto la kutosha kuwinda na kusaga chakula. Baadaye huingia kivulini, majini au shimoni. Mahali anapotunzwa panapaswa kumpa nafasi ya kuchagua: jiwe au ubao wa kuota jua wenye joto linalopita nyuzi 40, na upande mwingine wenye ubaridi wa nyuzi 25 hadi 28. Chombo chenye joto la aina moja pande zote, liwe kali au dogo, humdhuru. Kipimajoto ndicho cha kutegemewa hapa, si mkono.

Kitu cha tatu ni unyevu. Kenge huhifadhi maji ya mwili kwa kujichimbia kwenye udongo wenye unyevunyevu. Akikaa siku nyingi kwenye sakafu kavu au gazeti, figo zake huchoka, na taka ambazo zingetoka na mkojo hujikusanya viungoni na kwenye moyo. Ni ugonjwa wa jongo, uleule unaowasumbua baadhi ya wazee, na kwa kenge mara nyingi hugunduliwa akiwa ameshachelewa.

DALILI ZA KENGE ALIYETUNZWA VIBAYA

Anayepokea kenge kutoka kwa mtu aliyekuwa naye kwa wiki kadhaa anapaswa kuangalia dalili hizi na kuwaeleza maafisa:

• Taya la chini limelainika, limevimba au halifungi vizuri.
• Miguu imepinda kama ya mtoto mwenye matege, na mnyama hawezi kuinua tumbo anapotembea.
• Vidole au mkia hutetemeka wenyewe.
• Mgongo au mkia una vifundo.
• Macho yameingia ndani na ngozi ya ubavuni ina mikunjo, ishara ya ukosefu wa maji.
• Mkia ni mwembamba na mifupa ya nyonga imechomoza.
• Kinywa kina ute mzito au vidonda.

Mifupa ikishapinda haiwezi kunyooshwa tena, hata mnyama akianza kupata mlo bora. Daktari anaweza kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, lakini kenge asiyeweza kukimbia wala kupanda mti hawezi kurudishwa porini akaishi. Ndiyo sababu siku za kuchelewa zina gharama. Kenge aliyekabidhiwa katika wiki ya kwanza ana nafasi nzuri ya kurudi mtoni. Yule wa mwezi wa nne huenda asirudi kamwe.

USALAMA WA WATOTO NA FAMILIA

Watambaazi, kenge akiwemo, wanaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao wenyewe kuugua. Bakteria hao hutoka na kinyesi na kusambaa kwenye ngozi ya mnyama, maji yake na chombo chake. Kwa mtu mzima mwenye afya huleta homa na kuhara kwa siku kadhaa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, mzee, mama mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, ugonjwa huo unaweza kuwa mkali hata akalazwa hospitalini. Watu wa makundi hayo hawapaswi kumshika kenge wala kukaa chumba kimoja naye.

Kila anayemgusa mnyama au chombo chake anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Chombo hicho hakioshwi jikoni wala karibu na kisima. Maji yake humwagwa chooni, na chombo hakirudishwi tena kutumika kwa chakula au maji ya kunywa.

Kenge akimng'ata mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mhusika aende kituo cha afya. Huko huangaliwa kama anahitaji chanjo ya pepopunda na dawa ya kuzuia jeraha kuoza. Kenge haambukizi kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo ni wa wanyama wanaonyonyesha. Si vyema kupaka jeraha mafuta ya taa, majivu au dawa ya meno.

WANAOFIKIRIA KUOMBA KIBALI

Kwa shule, kituo cha utalii au mtu anayetaka kuomba kibali cha kutunza kenge kwa elimu, swali la kwanza liwe la nafasi. Mnyama anayetosha kwenye ndoo leo atakuwa na urefu wa mtu mzima baada ya miaka michache, na akitunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 10. Anahitaji banda la ukubwa wa chumba, lenye udongo wa kina wa kuchimba, sehemu ya kupanda, jua la moja kwa moja, kivuli, na bwawa analoweza kuzama mwili mzima ikiwa ni wa majini. Maji hayo hubadilishwa mara kwa mara, kwa kuwa kenge hupenda kujisaidia humo.

Mlo nao hubadilika. Mchanga hula kila siku au kila baada ya siku moja. Aliyekomaa hula mara mbili au tatu kwa wiki. Kenge wengi wanaofugwa hufa kwa unene, ini likiwa limejaa mafuta, kwa sababu hupewa panya wengi na nafasi ndogo ya kutembea. Porini kenge hutembea mwendo mrefu kutafuta mlo wa wadudu na konokono.

Kenge hazoei mtu kama mbwa anavyomzoea bwana wake. Anaweza kujifunza kuvumilia kushikwa na kumtambua anayemletea chakula, lakini akishtuka hung'ata.

KENGE NA KUKU

Wapo wakazi ambao hawana haja ya kumfuga kenge bali wangependa asikaribie boma lao, kwa sababu huiba mayai na vifaranga. Malalamiko hayo ni ya haki. Kinachosaidia ni kuinua banda la kuku kutoka ardhini, kuzungushia wavu wenye matundu madogo uliofukiwa sentimita 30 hivi chini ya udongo, kufunga mlango kabla ya jua kuzama, kukusanya mayai kila siku na kufyeka nyasi kuzunguka banda. Mizoga na utumbo wa samaki visiachwe uani, kwani ndivyo vinavyomwita.

Kenge huyohuyo hula panya, konokono, mizoga na mayai ya mamba. Waswahili husema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Kwa wanaoishi kando ya Sabaki, kenge yumo kweli, na kila kiota cha mamba anachofukua kina maana kwa wanaoteka maji mtoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mtoto amekuta kenge mdogo shambani, hana jeraha, anakimbia. Afanye nini?
Amwache. Kenge hawalelewi na mama zao, hivyo hajapotea.

2. Kenge aliyejeruhiwa amewekwa kwenye beseni jioni. Apewe nini usiku huo?
Maji ya kina kifupi, giza na utulivu. Chakula kisubiri.

3. Jirani anasema kenge wake anakula vizuri nyama ya steki kila siku, tena anakaa dirishani. Kasoro iko wapi?
Mnofu hauna kalsiamu ya kutosha na kioo huzuia miale inayohitajika. Mifupa yake inalainika ingawa anakula, na jirani huyo hana kibali.

4. Nani hutoa kibali cha kutunza kenge?
KWS. Ofisi za kaunti hutoa ushauri wa afya ya wanyama pekee.

5. Nyumbani kuna mtoto wa miaka miwili. Kenge anaweza kuwekwa sebuleni hadi maafisa wafike?
Hapana. Awekwe nje kwenye kivuli, mahali salama ambapo mtoto hafiki, na aliyemshika anawe mikono kwa sabuni.

Wakazi wanahimizwa kuwasomea watoto makala haya, kwa kuwa watoto ndio huwaona kenge wa kwanza baada ya mvua. Taarifa kuhusu kenge aliyejeruhiwa, anayeuzwa au aliyefungiwa hupokelewa katika ofisi ya KWS iliyo karibu, kituo chochote cha polisi, au kwa chifu na naibu wake.